Kwa Nini Nakipenda Kitabu cha Shule ya Wachawi

Mara nyingi wanafunzi wenzangu, na hata wakubwa wetu waliokwisha kumaliza masomo wanapokuja kututembelea, wameniuliza swali moja: je, wewe mtoto wa misioni, wafanya nini na vitabu vya wachawi? Siku zote hujibu kwa mkato, kwa kuwa swali hilo hupenda kuja wakati kengele ya chakula imekwisha kulia. Sasa Mhariri amenipa nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili, basi nitajaribu kujibu kwa urefu.

Kwanza kwa ajili ya wale wasiovijua. Vitabu vyenyewe ni saba, na mtungaji wake ni mwanamke Mwingereza, J. K. Rowling. Cha kwanza kilitolewa London mwezi wa Juni 1997, nakala 500 tu zenye jalada gumu, na cha mwisho mwezi wa Julai 2007. Leo nakala zilizouzwa duniani zimepita milioni 600. Filamu zake ni nane, za tangu mwaka 2001 hata 2011. Habari zake ni za kijana yatima, Harry Potter, ambaye anapotimiza miaka 11 apata barua ya kuitwa katika shule ya bweni wanakofundishwa mambo ya ajabu. Kila kitabu ni mwaka mmoja wa shule. Kuna mitihani, kuna walimu wakali na walimu wapole, kuna chakula kizuri (hapo ndipo mtu wa bweni letu aanzapo kuona kwamba hii ni hadithi tu), na kuna mtu mmoja mbaya aliyewaua wazazi wa Harry, naye yu hai bado akimtafuta mtoto.

Sisi wa Bujumbura twavisoma kwa Kifaransa. Vilitolewa Paris na nyumba ya Gallimard tangu mwaka 1998, na mfasiri ni Jean-François Ménard. Nakala yangu ya kwanza niliinunua mjini kwa mtu auzaye vitabu vilivyotumika, haina jalada, na kurasa za mwisho zimekatika, hata mwisho wa habari nikaujua kwa filamu kabla ya kuusoma. Zile nyingine niliziazima katika maktaba ya Institut Français.

Huyu Bwana Ménard nampenda karibu sawa na mtungaji mwenyewe. Hakuyaacha majina kama yalivyo, bali aliyafanya upya ili Mfaransa naye acheke. Shule iitwayo Hogwarts kwa Kiingereza yeye aliiita Poudlard. Kofia ile inayowachagulia wanafunzi nyumba zao aliiita Choixpeau, yaani aliunga neno la kuchagua na neno la kofia. Kazi yake kubwa kuliko zote iko katika kitabu cha pili. Yule mtu mbaya, kabla hajajiita Voldemort, alikuwa na jina la kawaida, na herufi za jina hilo zikipangwa upya hutoa maneno ya kusema kwamba yeye ndiye Voldemort. Kwa Kiingereza jina ni Tom Marvolo Riddle. Jina hilo kwa Kifaransa halikufaa kitu, basi Ménard akamwita Tom Elvis Jedusor, nawe ukizipanga herufi hizo 15 utapata « Je suis Voldemort ». Nami nilijaribu kufanya hivyo kwa Kiswahili, nikianza na « Ndimi Voldemort ». Nilikaa nayo juma zima wakati wa masomo ya jioni, nikapata kukemewa mara mbili, na jina la mtu halikutoka. Kiswahili chataka irabu baada ya kila konsonanti, na Voldemort hana za kutosha.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, kwa maana hapo ndipo penye shida. Kitabu cha kwanza kwa Kifaransa chaitwa Harry Potter à l'école des sorciers. Mama yangu alipoliona jina hilo juu ya karatasi niliyoibandika mahali pa jalada, alikitwaa kitabu akakifungia sandukuni, wala hakuniuliza neno.

Wasomaji msidhani mama ni mjinga. Mfaransa ana neno moja, sorcier, naye hulitumia kwa mzee mwenye ndevu katika hadithi za watoto, wala halimtishi. Sisi tumeyagawa mambo hayo vingine. Kwa Kiswahili mchawi ni mtu adhuruye wenziwe kwa siri, na atibuye ni mganga. Kwa Kirundi umurozi ndiye mwenye kutia sumu na kuangamiza, na umupfumu ndiye apigaye ramli na kuagua. Hakuna mzazi wa Buyenzi wala wa kilimani atakayefurahi kumpeleka mwanawe katika shule ya warozi. Tena neno hili kwetu si mchezo. Mwaka 2008 na 2009, katika mikoa ya mashariki kama Ruyigi, watu wenye ualbino waliuawa kwa sababu viungo vyao vilitakiwa kwa dawa za kichawi, na mahakama ya Ruyigi ikawahukumu wauaji kadha wa kadha mwaka 2009. Na kilimani kwa bibi yangu palikuwa na mwanamke mjane aliyeitwa umurozi na jirani zake baada ya mtoto kufa. Nyumba yake ilichomwa moto usiku, naye akaondoka na jembe lake tu. Mama alimjua mjane yule tangu utotoni.

Hata ndege wa kitabu hiki ni taabu. Barua za shule huletwa na bundi. Nilipoiona filamu ya kwanza nilikuwa mtoto, katika banda la video mtaani kwetu, nayo ilikuwa imetiwa maneno na msimulizi wa Kiswahili ambaye hakutafsiri tu bali alitoa na maoni yake. Walipotokea bundi wengi wakitua juu ya mapaa ya nyumba, msimulizi alisema, « Hapo ndugu zangu nyumba imekwisha, » na mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akasimama akaenda zake. Umeme ulikatika kabla barua haijafunguliwa. Nilingoja miaka mitatu kujua ilisema nini.

Basi kitabu kilikuwa sandukuni, nami nikaenda kumshitakia Padri mmoja wa shule yetu. Sikutegemea msaada mwingi. Yeye aliniuliza maneno wanayoyasema hao wachawi wangu ni yapi, nikamtajia machache. Akacheka, akaniambia kwamba mengi ni Kilatini, na mengine ni Kilatini kilichovunjwa mguu. Accio ni « naita », na mwanafunzi akilisema kitu humjia. Nox ni « usiku », nalo huzima taa. Expecto patronum, ambalo hufukuza viumbe vinavyonyonya furaha ya watu, ni Kilatini sahihi kabisa, « namngojea mlinzi ». Hakuniahidi kusema na mama. Alisema tu, « Mwambie habari zenyewe, usimwambie jina. »

Nikafanya hivyo wakati wa likizo, jioni, nikiwasimulia wadogo zangu kwa Kiswahili, na mama yu karibu akichambua maharagwe. Hapo nikaona jambo ambalo katika Kifaransa lilinipita. Harry amelelewa na dada ya mama yake, Petunia. Mfaransa husema tante, na neno hilo ni baridi, laweza kuwa mtu yeyote wa ukoo. Lakini Petunia alikuwa mkubwa wa mama yake Harry, basi kwa Kiswahili sina neno jingine la kumwita ila mama mkubwa. Nikasema: mtoto huyu alilelewa na mama yake mkubwa, na mama mkubwa huyo alimlaza katika stoo chini ya ngazi.

Mama aliacha maharagwe. Akauliza, « Mama mkubwa wake? Wa tumbo moja na mama yake? » Nikasema ndiyo. Akauliza nyumba ilikuwa na vyumba vingapi. Nikasema vya kulala vinne, na mwana wa nyumba ana viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha kuwekea vitu vyake vya kuchezea. Hata barua ya shule ilipokuja, juu yake iliandikwa stoo ile ya chini ya ngazi, kama vile mtu aandikavyo nambari ya nyumba.

Yapasa niseme kwamba mama alifiwa na wazazi wake wote wawili mwaka 1993, katika mauaji yaliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba. Alikuwa na miaka tisa. Mama yake mkubwa alimchukua Buyenzi. Yeye alikuwa na watoto sita na vyumba viwili, na mama akalala kitanda kimoja na binti zake watatu mpaka alipoolewa. Jioni ile hakusema habari hizo, maana sote twazijua. Alisema, « Endelea. »

Tangu siku ile hakuna aliyetaja uchawi nyumbani kwetu, ila mara moja. Niliposema « shule ya wachawi » mama alinikatiza, akasema nitafute neno jingine. Nikamletea mganga, akakataa, kwa kuwa Harry hatibu mtu. Nikamletea mtu wa mazingaombwe, akasema huyo ni wa sokoni, hudanganya macho ili apate faranga. Mwisho yeye mwenyewe akaniuliza, « Wanasoma miaka mingapi? » Saba. « Wana vyombo vyao? » Fimbo, chungu na mizani. « Wakikosea kitu hulipuka? » Kila siku. « Basi hao ni mafundi. » Nami sasa husema shule ya mafundi, na nadhani Bwana Ménard mwenyewe angelikubali.

Najua kuna wenzangu hapa shuleni watakaosema kwamba hata hivyo ni mambo ya Wazungu, sisi yatuhusu nini? Swali hili twabishana juu yake bwenini mpaka taa zizimwe. Ni kweli kwamba Mwafrika apewa mahali padogo. Katika kitabu cha nne, cha mwaka 2000, wakati wa Kombe la Dunia la mchezo wao wa kuruka juu ya fagio, Harry apita karibu na Waafrika watatu waliokaa wakizungumza mambo mazito, wamevaa nguo ndefu nyeupe, wakichoma kitu mfano wa sungura juu ya moto wa zambarau. Kwa mtu wa Buyenzi hao wamevaa kanzu, basi. Katika kitabu hicho hicho yasemwa kwamba Wales walishindwa na Uganda. Ni sentensi moja tu, lakini mwaijua furaha yake. Na huko Uganda kwenyewe, katika kijiji cha Katwadde karibu na Masaka, watoto wa shule ya msingi walijifunza mchezo huo hasa, ule uliobuniwa na wanafunzi wa Marekani mwaka 2005, wakikimbia na vijiti katikati ya miguu yao, kwa kuwa fagio hazikukubali kuruka.

Mwezi wa Januari 2016 mtungaji alitangaza kwamba Afrika ina shule yake kubwa kuliko zote, jina lake Uagadou, iliyochongwa ubavuni mwa mlima na kufunikwa na ukungu. Mwanafunzi haletewi barua na bundi (mama alishukuru), bali huotewa ndoto, na akiamka akuta jiwe lenye maandishi mkononi. Wala hawahitaji fimbo, hutumia mikono. Anwani yake ni Milima ya Mwezi. Watu walimlaumu kwa kusema « Afrika » kana kwamba ni kijiji kimoja, naye akajibu kuwa iko Uganda. Jina lenyewe silipendi, kwa maana lafanana na Wagadou, jina la kale la ufalme wa Ghana, nao uko magharibi, mbali sana na sisi.

Walakini ile anwani nimeishika. Milima ya Mwezi hutajwa katika jiografia ya Ptolemy wa Iskanderia kuwa ndiko yatokako maji ya Nili. Stanley alipoiona theluji ya Ruwenzori mwaka 1888, wengi walisema ndiyo hiyo. Lakini mwaka 1892 Mwaustria Oscar Baumann aliipita nchi yetu, akafika kwenye chemchemi za Ruvubu, akaandika kwamba milima ile huitwa Misozi ya Mwezi, na kwamba hiyo ndiyo aliyoisikia Ptolemy. Mwezi lilikuwa jina la wafalme wetu, na wakati ule alitawala Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908. Rafiki yangu mmoja wa Muramvya ananipinga, asema Baumann alikosea, na kwamba Ruwenzori una mita 5,109 na theluji, sisi tuna ukungu tu. Ukungu ndio unaotakiwa! Mtu asome vizuri maelezo ya shule ile, theluji haikutajwa.

Nyumbani tumefika kitabu cha tatu. Kuna mfungwa aliyetoroka gerezani, watu wote wasema ni muuaji na kwamba amtafuta Harry. Mimi najua kuwa ndiye baba yake wa ubatizo, na mara mbili nimekaribia kulisema. Mama amenikataza. Akakitwaa tena kitabu, akakifungia katika sanduku lile lile, ili nisiendelee kusoma peke yangu kabla ya likizo ijayo.