Neva Inayoushika Moyo Hata Wakati wa Utulivu

Tumezoea kuambiwa kwamba neva za simpathetiki huuchochea moyo hatari inapozuka, na za parasimpathetiki huutuliza hatari ikishapita, kana kwamba vagasi, neva kuu ya kundi hili la pili, hukaa ikingoja zamu yake. Ushahidi unasema vingine. Kijana akipewa dawa za kuzuia makundi yote mawili, moyo wake hudunda mara 100 au zaidi kwa dakika. Bila dawa, akiwa ameketi tu, hudunda kama mara 70. Aliyepandikizwa moyo, ambao neva zake hukatwa wakati wa upasuaji, huwa na mapigo ya kasi hata akipumzika. Basi utulivu si hali ya moyo ulioachwa huru. Ni moyo ulioshikwa hatamu.

Mwaka 1845 ndugu wawili Wajerumani, Ernst na Eduard Weber, walionyesha kuwa kuichochea vagasi kwa umeme huusimamisha moyo. Mwaka 1921 Otto Loewi alieleza jinsi alivyochukua majimaji kutoka kwenye moyo wa chura uliopunguzwa kasi kwa njia hiyo, akayatia kwenye moyo mwingine. Nao ukapunguza mwendo. Kumbe neva ilikuwa ikitoa kemikali, ambayo leo tunaijua kuwa ni asetilikolini. Hiyo hufungua njia za potasiamu katika seli zinazoanzisha mapigo, zikachelewa kufyatuka, kisha kimeng'enya huivunja upesi mno. Ndiyo maana vagasi huweza kubadili hata pigo moja linalofuata, na mbwa akichomoka mbio, moyo wake hupanda kwanza kwa kuachiwa, kabla adrenalini haijafika.

Wapo wanaopinga: farasi wa mbio ana mapigo 30 hadi 40 akitulia, na huenda mazoezi yamezibadili zenyewe seli zinazoanzisha mapigo. Hoja hiyo ina uzito, na tafiti kwa wanyama wengine zinaiunga mkono. Lakini farasi huyo mara nyingi huruka pigo zima akiwa zizini, na kasoro hiyo hutoweka mara aanzapo kukimbia. Mabadiliko ya seli hayafutiki kwa sekunde chache.

Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yangu, latoka majini. Kwa lampri, samaki asiye na taya, vagasi huuharakisha moyo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yanawahusu wanyama wenye uti wa mgongo na taya, kuanzia papa hadi binadamu.