Kabla ya Kupigilia Sitaha, Maji Yapewe Njia

Majira ya kusi yanapokaza na bahari kuchafuka, vyombo vingi vya uvuvi katika pwani ya Kenya huvutwa ufukoni vikatengenezwa. Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachosifika tangu zamani kwa waunda vyombo, sauti ya nyundo na patasi ya kalafati ni jambo la kila siku. Mwenye chombo hufika na hesabu yake: mbao mpya, misumari, rangi, na siku hizi mashine pia. Katika hesabu hiyo jambo moja husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo litakaloamua kama mabaharia watarudi salama. Jambo hilo ni njia ya maji yaingiayo juu ya sitaha.

Kwa desturi matundu ya kutolea maji hukumbukwa mwisho, sitaha ikiwa imekwisha kupigiliwa na kupakwa rangi. Hapo mwenye chombo humwambia fundi, "Toboa hapo, fundi, na pale, yatosha." Fundi akitii, matundu hukaa mahali palipokuwa rahisi kutoboa, wala si mahali yanapokusanyika maji.

UZITO WA MAJI

Maji yaliyosimama juu ya sitaha si taabu ya kulowa miguu tu. Tuseme sitaha ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2, imezungukwa na ukingo, na wimbi limeacha maji ya kina cha sentimita 15. Maji hayo yana uzito wa zaidi ya kilo 1,200, yaani zaidi ya watu 17 wenye kilo 70 kila mmoja. Na watu huweza kuamriwa kukaa upande mmoja wakatulia, lakini maji hayaamriki. Chombo kikilala upande wa demani, maji yote hukimbilia huko na kukilaza zaidi. Wimbi la pili likija kabla ya lile la kwanza kutoka, chombo huenda kisiinuke tena.

Kwa sababu hiyo ukingo mrefu ni rafiki mwenye masharti. Humzuia baharia asitupwe baharini, lakini huyazuia maji pia yasitoke. Mwenye kuongeza urefu wa ukingo sharti aongeze na milango ya maji, la sivyo amejenga birika juu ya bahari.

KUPIMA KABLA YA KUBOMOA

Chombo cha kale kina faida moja ambayo chombo kipya hakina: chaweza kuulizwa. Kabla ya kukivuta ufukoni, kipakiwe kama siku ya kazi, nyavu mahali pake, barafu, maji ya kunywa, na mabaharia wote. Kisha, kikielea mahali patulivu, alama ya rangi itiwe penye usawa wa maji, omo, tezi, na mbavu zote mbili. Ndoo chache za maji zimwagwe juu ya sitaha, na watu watazame yanakokwenda na yanakosimama. Hapo ndipo mahali pa tundu.

Mbao nazo hutoa ushahidi wao. Palipooza, palipogeuka rangi kuwa nyeusi, penye msumari ulioliwa na kutu, ndipo maji yalipokuwa yakilala kwa miaka. Inafaa kukumbuka kwamba maji ya mvua huozesha mbao upesi kuliko maji ya bahari, kwa kuwa chumvi huzuia ukungu unaokula mti. Chombo kilichofungwa bandarini wakati wa masika chaweza kuharibika zaidi kuliko kile kilichokuwa kikipigwa na mawimbi.

Hadhari kubwa ni kwa chombo cha tanga kinachotiwa mashine. Mashine na mafuta yake hukaa tezi, na tezi huzama kuliko ilivyokuwa. Mahali pa chini pa sitaha husogea nyuma, na matundu ya zamani hubaki juu ya mlima, maji yakiwa bondeni. Basi kipimo kirudiwe kwa uzito ule ule wa mashine, hata ikibidi kuweka magunia ya mchanga mahali pake.

UMBO LA SITAHA NA UKUBWA WA MATUNDU

Sitaha njema ina mgongo. Kwa sitaha yenye upana wa mita 2 na sentimita 40, katikati paweza kuinuliwa sentimita 5 kupita pembeni, nayo maji yatashuka yenyewe. Mgongo huo hukatwa katika boriti za sitaha kabla ya ubao wa kwanza kupigiliwa. Hauwezi kuongezwa baadaye kwa rangi wala kwa kalafati.

Tundu moja kubwa ni bora kuliko mengi madogo. Tundu la sentimita 5 lina nafasi sawa na matundu manne ya sentimita 2 na nusu, tena halizibwi upesi na magamba ya samaki na nyuzi za nyavu. Lakini matundu hayo ni ya mvua na maji ya kuoshea. Kwa wimbi zima hutakiwa vilango vilivyokatwa chini kabisa ya ukingo, pande zote mbili. Mapatano ya mataifa ya mwaka 1966 juu ya shehena za meli yaliagiza kwamba theluthi mbili za nafasi ya vilango hivyo ziwe katika nusu ile ya ukingo iliyo karibu na mahali pa chini pa sitaha. Mapatano hayo hayakuwekwa kwa vyombo vya uvuvi, lakini maana yake yamfaa kila fundi.

Sitaha yenyewe sharti iwe juu ya usawa wa maji chombo kikiwa kimepakia. Ikiwa chini, tundu la kutolea maji hugeuka tundu la kuingizia. Vilevile maji ya sitaha yatolewe nje moja kwa moja, yasipelekwe ngama. Ngama inatosha kwa maji yapenyayo katika mbao, na hayo nayo yapewe njia chini ya mataruma, yafike mahali pamoja pa kufuliwa. Mabaharia wa zamani wa Ulaya walipitisha mnyororo katika matundu hayo ya chini, wakauvuta huku na huku kuondoa taka. Kamba yaweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Mdomo wa kila tundu ufunikwe kwa bomba, ili maji yasinywewe na ncha za mbao. Bomba likiwa la shaba, misumari ya chuma isiliguse, kwa maana chuma kikigusana na shaba katika maji ya chumvi huliwa upesi.

KUZIBA KWA GUNIA

Liko kosa la mwisho, nalo si la fundi. Mabaharia wakichoshwa na maji baridi yanayorukia miguuni, au wakiona samaki wakiponyoka, huziba vilango kwa gunia. Dawa yake ni kuweka fito za kuzuia samaki, au kifuniko chenye bawaba juu, kinachofunguka kwa nje tu. Bawaba nazo zijaribiwe kila safari, kwani kifuniko kilichoganda kwa kutu ni sawa na gunia.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika sitaha mambo ni kinyume chake, kwani asiyeacha ufa mahali pake atapoteza chombo. Mwenye chombo hulipa gharama, naye mara nyingi hulala nyumbani usiku wa kusi. Wanaosimama ndani ya maji ni wengine, wenye wake na watoto. Siku ya kukaa na fundi kufanya hesabu, njia ya maji iandikwe mstari wa kwanza, na rangi iandikwe wa mwisho.