Muhula mmoja ng'ambo: Mgeni anavuna, je, mwenyeji anapona?

MNAMO Julai 1923, wanafunzi wanane wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani waliabiri meli kuelekea Ufaransa, wakiongozwa na mwalimu wao wa Kifaransa, Raymond Kirkbride.

Hawakwenda kutafuta shahada. Walikwenda kusoma kwa mwaka mmoja, kwanza lugha mjini Nancy, kisha masomo mengine jijini Paris, na hatimaye kurejea kukamilisha masomo katika chuo kilichowatuma.

Safari hiyo huhesabiwa kuwa chimbuko la utaratibu ambao leo umeenea ulimwenguni, ambapo mwanafunzi huhamia nchi nyingine kwa muhula mmoja au miwili huku akiendelea kuwa mwanafunzi wa chuo chake. Bara la Ulaya lilianzisha mpango wake, Erasmus, mwaka 1987 kwa wanafunzi 3,244 kutoka mataifa 11.

Kenya nayo imekuwa mwenyeji kwa muda mrefu. Mwaka 1974, Chuo Kikuu cha St. Lawrence, kilichoko jimbo la New York, kilianza kuwaleta nchini wanafunzi wa Marekani kwa muhula mzima. Wanafunzi hao hujifunza Kiswahili, huishi na familia za mijini na mashambani, kisha hufanya kazi za mafunzo katika mashirika mbalimbali.

Miongoni mwa waliopitia mpango huo ni Chris Coons, aliyechaguliwa kuwa Seneta wa Delaware mwaka 2010. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya themanini, akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Amherst. Mwaka 1985 aliandika katika gazeti la wanafunzi wa Amherst jinsi aliyoyaona Kenya yalivyochangia kubadilisha msimamo wake wa kisiasa, akauacha mrengo wa Republican.

Ni kipi basi hubadilisha mtu kwa miezi minne tu? Mihadhara pekee haitoshi, kwani vitabu hupatikana hata kwao. Siri imo katika kuishi na watu. Waswahili walinena kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi anayeteka maji, anayepanda matatu na kuamkia wazee kwa lugha yao hujifunza jambo ambalo mtalii wa siku kumi hawezi kuliona.

Utaratibu wenyewe

Kwa kawaida, mwanafunzi hukaa ng'ambo kati ya miezi mitatu na mitano. Vyuo viwili vinapokubaliana kubadilishana wanafunzi, kila mmoja hulipa karo katika chuo chake na hatozwi karo nyingine anakokwenda. Nauli, malazi na chakula ni gharama ya mwanafunzi, isipokuwa awe na mfadhili.

Jambo lenye uzito zaidi ni alama za masomo. Barani Ulaya, muhula mmoja huhesabiwa kuwa na alama 30, na kabla ya kusafiri mwanafunzi hutia saini mkataba unaoorodhesha masomo atakayosomea ugenini. Chuo chake na kile kinachompokea hutia saini pia. Bila ya maandishi hayo, mwanafunzi anaweza kurejea na matokeo mazuri yasiyotambuliwa na yeyote, akalazimika kurudia muhula.

Mwenyeji apata nini?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa wageni wa aina hii, familia zinazowapokea hulipwa gharama za malazi, walimu wa Kiswahili hupata kazi, na lugha yetu hupata wasemaji wapya.

Hata hivyo, ni Wakenya wachache wanaosafiri kwa muhula mmoja kuliko wanaokwenda kutafuta shahada nzima. Tofauti hiyo si ndogo. Anayekwenda kwa miaka minne huhitaji mamilioni ya pesa, na baadhi hawarudi. Anayekwenda kwa muhula mmoja hulazimika kurejea kumaliza masomo, na aliyoyapata huyaleta darasani humu humu nchini, yakawafaa hata wenzake ambao hawakupanda ndege.

Vikwazo ni vingi. Mbali na ufukara, kuna kalenda. Vyuo vya Marekani hufungua muhula kuanzia mwishoni mwa Agosti na tena Januari. Mwanafunzi ambaye muhula wake umesukumwa mbele na mgomo wa wahadhiri hawezi kuondoka wakati huo bila kuacha mitihani nyuma.

Njia zilizopo

Hata hivyo, milango haijafungwa yote. Mwaka 2015, mpango wa Erasmus+ ulifunguliwa kwa vyuo vya mataifa mengi nje ya Ulaya, ya Afrika yakiwemo. Sharti ni kuwa chuo cha Kenya kiwe na makubaliano na chuo cha Ulaya, na mwanafunzi huteuliwa na chuo chake. Swali la kwanza, basi, linafaa kuulizwa katika ofisi ya ushirikiano wa kimataifa ya chuo chako.

Anayekwenda Ulaya kwa zaidi ya siku 90 huhitaji viza ya muda mrefu ya nchi husika, wala si ile ya kawaida ya Schengen. Kwa Marekani, wanaobadilishana hupewa viza ya J-1. Aliyefadhiliwa na serikali chini ya viza hiyo hutakiwa kukaa kwao miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu Marekani.

Mzazi naye aulize ni nani atakayegharamia safari ya kurudi iwapo muhula utakatizwa. Machi 2020, janga la Covid-19 liliwalazimu wanafunzi wengi duniani kufunga virago katikati ya muhula, na wasiokuwa na bima wala nauli ya akiba walitaabika zaidi.

Nchi iliyozoea kuwapokea wana wa wenzake ina haki ya kuomba wake nao wapokelewe. Hilo linawezekana iwapo vyuo vyetu, vinapotia saini mikataba ya kuleta wageni, vitadai nafasi sawa kwa wanafunzi wao na kuhakikisha kuwa kalenda haiwafungii mlango. Vinginevyo, tutaendelea kumpa mgeni jembe, avune, kisha aondoke na mavuno.