Mnyweshe Anayeharisha

"Daktari, nimpe dawa gani ya kufunga tumbo?" Kila kipindupindu kikizuka, swali la kwanza ni hili. Huulizwa kwa simu, huulizwa dirishani kwa muuza dawa, huulizwa hata mlangoni mwa kambi ya wagonjwa, mgonjwa mwenyewe akiwa amebebwa mgongoni, macho yameingia ndani. Miaka mingi nimelijibu kwa upole. Upole umeniishia, maana nyuma ya swali hili ipo imani inayoua watu ambao kipindupindu kisingewaua.

Na tusidhani ni jambo la zamani. Tangu korona, watu wakisikia janga la dunia hukumbuka barakoa. Lakini kipindupindu nacho ni janga la dunia: hili la sasa, la saba, lilianzia Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961, likafika Afrika mwaka 1970, na hadi leo halijaisha. Linatutembelea mvua zikinyesha, vyoo vikifurika, visima vikichafuka.

Imani yenyewe ni hii: anayeharisha asipewe maji, yatamzidishia. Bibi anaondoa kikombe. "Acha kwanza tumbo litulie." Mgonjwa analamba midomo mikavu, anaomba japo funda moja, na wote wanaompenda wanamnyima kwa sababu wanampenda. Siwaiti wajinga. Wameona kwa macho yao: mtoto kanywa, haikupita robo saa akaharisha. Nani asingesema maji ndiyo yaliyomharisha?

Lakini yale maji meupe kama ya kuoshea mchele hayakutoka kwenye kikombe. Yametoka kwenye damu yake. Bakteria wa kipindupindu hukaa juu ya utando wa utumbo mwembamba na kutoa sumu. Sumu hiyo hufungulia chumvi iliyomo mwilini ikamwagikia utumboni, na chumvi ikienda, maji huifuata. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya aweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Mnyime maji kutwa nzima, bado ataharisha, kwa kuwa kisima kinachochotwa ni mwili wake.

Kuna baya zaidi ya hapo. Aliyenyimwa maji, ikifika saa fulani, kweli huacha kuharisha. Damu imepungua, shinikizo limeshuka, utumbo haupati tena cha kumwaga. Kutapika kunakoma. Mkojo ulikatika tangu jana. Nyumbani wanashukuru Mungu: tumbo limefunga! Wagonjwa wa namna hii nimepokea wengi. Ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono hayashikiki. Na ndugu wananieleza, kwa matumaini kabisa, kwamba ahueni ilianza alfajiri. Ile waliyoiita ahueni ilikuwa mwili umekauka. Hapo nina dakika, sina saa.

Sasa nieleze kwa nini maji ya chumvi na sukari yanafanya kazi, maana wapo wanaoyadharau kwa kuwa ni ya bei ndogo. Ile sumu hufungua njia ya kutokea, lakini haizibi njia moja ya kuingilia: sukari ya glukosi ikiingia kwenye seli za utumbo huingia na chumvi, na zikiingia hizo, maji nayo huingia. Maji matupu hayana wa kuyavuta namna hiyo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijazana Bangaon, India, na kipindupindu kikawavamia. Dripu hazikutosha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi na glukosi kwenye madumu, akawaachia ndugu wa wagonjwa kazi ya kunywesha. Vifo vikashuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Waliookoa maisha pale walikuwa mama, dada na majirani wenye vikombe mkononi.

Mbele ya ushahidi huo, mtu bado ananiuliza habari za Flagyl. Flagyl ni dawa ya amiba na jamaa zake, kipindupindu hakiiogopi. Vidonge vya kuzuia kuhara navyo hulaza utumbo tu, maji yaliyokwisha kutoka kwenye damu yakabaki yamekwama humo, na kwa mtoto ni hatari. Zipo antibiotiki zinazofupisha ugonjwa, lakini aziandike mtabibu kwa aliyezidiwa, tena baada ya kumrudishia maji. Kuzigawa ovyo tulishajaribu hapa hapa Tanzania. Katika mlipuko ulioanza mwaka 1977, tetrasaiklini ilitumika kwa wingi kutibu na kukinga. Baada ya miezi mitano, mtafiti Fred Mhalu na wenzake walikuta asilimia 76 ya vimelea walivyopima haviisikii tena. Soda? Sukari yake ni nyingi mno, huvuta maji kuelekea utumboni. Majani ya mpera na majani makavu ya chai ya kutafuna hayarudishi hata tone la maji.

Fanya hivi. Chukua pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, soma kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, usikisie. Ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kufuta, na chumvi isizidi. Yakikaa saa 24, mwaga. Chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Mkubwa kidogo, 100 hadi 200. Mtu mzima, kadiri awezavyo. Akitapika, subiri dakika kumi, anza tena kijiko kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto apewe na zinki, siku 10 hadi 14. Macho yakizama, mkojo ukikatika, akilegea au akishindwa kunywa, mpeleke kituoni akatundikiwe dripu, na njiani mnyweshe ikiwa bado anaweza kumeza. Wewe unayemhudumia, nawa kwa sabuni, na choo chake kisifike kwenye maji ya watu.

Wakitibiwa mapema kwa njia hii, kwa kawaida hufa chini ya mgonjwa mmoja kati ya 100. Nunua pakiti za ORS leo, uziweke kabatini kabla ya mvua. Na kama nyumbani kwenu yupo bibi au shangazi anayeondoa kikombe mkononi mwa mgonjwa, nakuomba, msomee makala haya.