Kabla ya Kununua Sanduku la Kilatini

Kila ifikapo Mei, wazazi wanaozungumza Kiswahili na kusomesha watoto wao nyumbani huko Marekani huanza kuulizana baada ya ibada: mwaka ujao mnatumia mtaala gani? Majibu huwa majina ya wachapishaji. Mmoja anasifu Memoria Press, mwingine Veritas Press, wa tatu anawaalika wenzake kwenye kikundi cha Classical Conversations. Aliyeuliza anarudi nyumbani, anaagiza kilichosifiwa kuliko vingine, na kufikia Novemba sanduku limesukumwa chini ya kitanda, Kilatini kikiwa kimeishia somo la sita.

Mitaala hiyo mingi ni mizuri. Kinachoziangusha familia ni kuuliza jina la kitabu kabla ya kuhesabu saa za mtu atakayefundisha. Nitaanza na hesabu hiyo, lakini kwanza tujue tunachonunua.

Elimu ya kiklasiki ya Kikristo, kama inavyouzwa Marekani leo, haikushuka moja kwa moja kutoka karne za kati. Mwaka 1947 Dorothy Sayers, Mwingereza aliyejulikana zaidi kwa riwaya za upelelezi, alisoma insha huko Oxford iitwayo “The Lost Tools of Learning”. Alitaka masomo matatu ya zamani yarudi: sarufi, mantiki na balagha. Akayaoanisha na ukuaji wa mtoto: mdogo hupenda kukariri, anayekaribia kubalehe hupenda kubisha, na kijana hupenda kujieleza. Mwaka 1981 Douglas Wilson na wenzake walifungua shule ya Logos mjini Moscow, jimbo la Idaho, kwa kufuata wazo hilo, na mwaka 1991 Wilson akalieneza kwa kitabu. Jessie Wise na bintiye Susan Wise Bauer ndio waliolifikisha kwa familia nyingi, mwaka 1999, kwa kitabu chao “The Well-Trained Mind”.

Nawaomba wazazi wakumbuke kwamba zamani sarufi, mantiki na balagha yalikuwa masomo, hayakuwa hatua za umri. Kuyafunga kwenye umri ilikuwa rai ya Sayers, na yeye mwenyewe alisema ameitoa katika kumbukumbu za utoto wake. Kwa hiyo mtoto wa miaka minane anayeuliza “kwa nini” hajavunja mpango wowote, mjibu. Sayers alidai pia kwamba Kilatini kidogo tu hupunguza angalau nusu ya kazi ya kujifunza karibu somo lolote jingine. Hakuleta ushahidi, na mimi sijauona. Kilatini kina faida za kutosha bila chumvi hiyo.

Sasa saa. Chukua familia yenye watoto wa miaka 6, 9 na 12. Wa kwanza anahitaji mtu ubavuni kwa dakika 45 za kusoma na hesabu. Wa pili anahitaji dakika 30 za hesabu, 20 za Kilatini na 20 za kuandika. Wa tatu, hata akijitegemea, anahitaji dakika 30 za Kilatini, 30 za kusahihishiwa hesabu na 20 za kuzungumza juu ya alichosoma. Hizo ni saa tatu na robo za mzazi, na hatujagusa Biblia, historia, jiografia wala sayansi. Sasa mpe mzazi huyo sanduku kamili la kila darasa: mtoto mmoja yuko Misri ya kale, mwingine Roma, mwingine kwa Martin Luther, kila mmoja na kitabu chake cha kusomewa kwa sauti. Mama anayetoka zamu ya usiku hospitalini saa moja asubuhi hataumaliza mwaka huo. Baba pia hataumaliza.

Kwa hiyo gawa masomo mafungu mawili. Hesabu, kusoma na Kilatini hufundishwa kwa kiwango cha kila mtoto. Biblia, nyimbo, historia, jiografia na sehemu kubwa ya sayansi hufundishwa wote pamoja, kwa saa moja, na kila mmoja anaandika au kuchora kadiri ya umri wake. Mzunguko wa miaka minne wa historia katika “The Well-Trained Mind” unafaa sana hapa: zama za kale, zama za kati, mwanzo wa zama mpya, kisha zama zetu, halafu unaanza upya kwa vitabu vizito zaidi. Familia nzima inakaa karne moja kwa wakati mmoja. Mtu akiniuliza ni uamuzi gani mmoja utakaoiokoa familia yenye watoto wengi, nitautaja huu kabla ya jina la kitabu chochote.

Siku za masomo huamuliwa pia na sheria, na kila jimbo lina yake. Kusomesha nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50. Texas haimdai mzazi taarifa yoyote ya awali kama mtoto hakuwa ameandikishwa shule ya serikali. Pennsylvania inadai tamko la kila mwaka, siku 180 au saa 900 kwa shule ya msingi na 990 kwa sekondari, jalada la kazi za mtoto na mtathmini wa nje. Inadai vilevile kwamba mzazi anayesimamia awe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, jambo la kushughulikia mapema kwa aliyesomea Kigoma au Bukavu. New York inataka mpango wa masomo na ripoti za kila robo mwaka. Sheria hizi hurekebishwa, kwa hiyo soma tovuti ya idara ya elimu ya jimbo lako, usitegemee cha kusikia. Na ndugu zetu walioko Ujerumani wasihangaike na makala hii: huko mtoto anatakiwa aende shule.

Tuje kwenye Kilatini chenyewe. Mtoto aanze lini? Wachapishaji wengine wana nyimbo za Kilatini kwa watoto wa miaka mitano. Hazina madhara, wala usizilipie sana. Umri wa miaka minane au tisa unatosha, kwa sharti moja ambalo wauzaji hawalitaji: mtoto awe anasoma Kiingereza bila kukwama, maana kila maelezo ya sarufi yameandikwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyefika mwaka jana kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma asipewe Kilatini sasa. Mpe kusoma, kusomewa na hesabu kwa mwaka mmoja au miwili. Akianza na miaka 11 atawafikia wenzake upesi.

Anayeongea Kiswahili nyumbani ana mtaji ambao mwenzake wa Kimarekani hana. Irabu tano za Kilatini husomwa karibu sawa na zetu. Mwenzake anashangaa kwamba “amo” ni sentensi kamili. Yeye husema “napenda” kila siku na hajawahi kulidai neno la ziada la kumtaja mtendaji. Kivumishi kufuata ngeli ya nomino hakimsumbui. Hata matatizo mengine anayajua. Kwa Kilatini “agricola”, yaani mkulima, ina mwisho wa nomino za kike, lakini mkulima mwema ni “agricola bonus”, hawi “bona”. Mkumbushe mnyama kiboko: umbo lake ni la ki-vi, lakini tunasema kiboko mkubwa. Ukisema kiboko kikubwa, watu watatafuta mgongo wa kuchapwa.

Kitakachomshinda ni nomino kubadili mwisho kwa kazi yake katika sentensi. “Puella” akitenda, “puellam” akitendwa, na mpangilio wa maneno haumsaidii. Kiswahili hakina kitu hicho na Kiingereza kimebakiza kidogo sana. Hapo ndipo kukariri kunapolipa, na ndipo dakika nyingi ziende.

Kwa ratiba, chukua Latina Christiana ya Memoria Press. Ina masomo 25, na mwaka wa masomo una wiki 36. Fundisha somo moja kwa wiki, na baada ya kila masomo matatu weka wiki nzima ya marudio. Zitakuwa wiki nane. Jumla 33. Wiki tatu zilizobaki ni za homa, harusi na wageni, maana vitakuja tu. Jumatatu mzazi anakaa na mtoto nusu saa kwa somo jipya. Siku nyingine nne ni dakika 15 tu: kuimba miisho, kadi za msamiati, zoezi, na Ijumaa jaribio fupi. Saa moja na nusu kwa wiki iliyokatwa vipande vidogo hushinda saa mbili za Jumamosi, kwa sababu miisho ya nomino husahaulika haraka. Na usihamie somo jipya kabla mtoto hajataja miisho ya lililopita bila kuchungulia. Kuchelewa wiki mbili si kitu.

Classical Conversations, iliyoanzishwa mwaka 1997, ina mpangilio mwingine: familia hukutana siku moja kwa wiki, kwa wiki 24, watoto wadogo wakikariri mambo ya masomo saba, Kilatini kimojawapo. Sifa yake ni wenzi, na mama mgeni mjini anawahitaji. Udhaifu wake ni kwamba mtoto anaweza kuimba miisho kwa miaka mitatu bila kutafsiri sentensi hata moja, kisha akifika madarasa ya juu anakabidhiwa kitabu cha Kilatini cha Henle na kuzama. Ukijiunga, ongeza kitabu chepesi cha tafsiri nyumbani. Na siku yao haihami kwa ajili ya zamu yako ya kazi.

Neno “Kikristo” kwenye jalada nalo likaguliwe. Robert Henle alikuwa Mjesuiti, na sentensi zake zina Bikira Maria na watakatifu pamoja na vita vya Kaisari. Mpentekoste asije akashtuka katikati ya mwaka. Veritas Press inaegemea mapokeo ya Calvin. Kolbe Academy na Mother of Divine Grace ni za Kikatoliki. Njia ya haraka ya kumjua mchapishaji ni kufungua kitabu chake cha historia kwenye karne ya 16 na kusoma kinavyosimulia Matengenezo ya Kanisa.

Wakati uko hapo, tazama Afrika imewekwa wapi. Wengi huruka kutoka Athene hadi Roma hadi Ulaya, kana kwamba Kilatini cha Kanisa hakikupata nguvu kwanza Afrika Kaskazini. Mashahidi wa Scilli walihukumiwa Karthago mwaka 180, na kumbukumbu ya kesi yao ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kikristo kwa Kilatini. Tertulliano aliandika Karthago, Sipriani alikuwa askofu hapo, Perpetua na Felista waliuawa hapo mwaka 203. Agostino alizaliwa Thagaste, Algeria ya leo. Mtaala usiowataja si lazima uutupe; waongeze mwenyewe katika saa ya historia ya pamoja.

Kuhusu matamshi, kuna ya Kanisa, ambapo c kabla ya e na i husomwa ch, na ya kale, ambapo c ni k siku zote. Fuata ya kitabu ulichochagua na usichanganye. Kama baba alipitia seminari nyumbani Tanzania, matamshi ya Kanisa ndiyo aliyozoea kusikia, na yeye ndiye mwalimu wako wa bure wa Jumatatu.

Basi kabla hujalipa, omba kurasa za sampuli, ruka somo la kwanza na usome la 15 ukiwa umechoka, saa ile ile utakayokuwa unafundisha. Ukilielewa bila kulirudia mara mbili, kinunue. Usipolielewa, tafuta kingine au lipia video za mwalimu wake. Na nunua Kilatini na hesabu tu kwa sasa. Vya historia vitapatikana maktaba.