Mbono Kaburi: Ua Wenye Mbegu za Sumu

Kariakoo ya maghorofa haina tena nafasi ya ua wa miti. Hata hivyo, mtoto aliyekulia Mtaa wa Msimbazi hupelekwa likizo kwa bibi, pembezoni mwa jiji au mkoani, na huko hukutana na mbono kaburi. Wenzake wa huko wamekwisha kuonywa. Yeye huona tunda tu.

Mmea huu, kwa jina la kitaalamu Jatropha curcas, ni wa jamii moja na mhogo, mnyaa na mbarika. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hupandwa kuzunguka nyumba na makaburi kwa sababu tawi likichomekwa ardhini huchipua, hustahimili ukame, na mbuzi hawauli. Kwa hili mbuzi wametuzidi busara.

Tunda huwa la kijani, kisha la manjano, na likikauka huwa jeusi. Kwa kawaida ndani mna mbegu tatu, zenye kiini cheupe kinachokaribia karanga kwa ladha. Hapo ndipo hatari ilipo: mimea mingi yenye sumu huonya ulimi kwa uchungu, huu hauonyi. Kiini kina protini iitwayo kursini, pamoja na esta za foboli. Moto huidhoofisha kursini, lakini esta hizo huustahimili na hubaki hata katika mafuta. Kwa hiyo mafuta yaliyosifiwa miaka ya 2000 kuwa dizeli ya mimea yanafaa kwa taa na sabuni, si kwa kikaango.

Dalili huanza ndani ya saa chache, pengine nusu saa: kutapika mfululizo, tumbo kuuma na kuharisha. Kinachotishia maisha ni upungufu wa maji mwilini. Hakuna dawa mahususi ya kuondoa sumu hii. Tiba ni kurudisha maji na chumvi, na wengi hupona ndani ya siku moja au mbili. Mtoto asitapishwe kwa kidole. Maziwa nayo, licha ya sifa yake mitaani, hayaitibu sumu hii. Apelekwe kituo cha afya mapema, pamoja na mbegu zilizobaki.

Agizo hilo la mwisho si dogo. Jina "mbono" hutumika pia kwa mbarika, ambayo mbegu zake zina risini, sumu kali zaidi, na daktari wa zamu anayeambiwa "amekula mbono" hajui bado ni ipi. Mbegu ya mbarika hung'aa na ina madoadoa. Ya mbono kaburi ni nyeusi, imefifia, na ina nyufa ndogondogo.