Boma Hulindwa Mchana

Tuseme ni saa nane ya usiku. Mvua imekatika, watoto wamelala, na wewe wasikia mbwa akibweka kwa namna isiyo ya kila siku. Kisha mnyororo wa lango la zizi unalia. Wainuka kitandani, wapapasa tochi, na hapo wakumbuka kwamba betri zilikwisha juma lililopita. Simu haina moto. Kufuli ya mlango wa nyuma hujui watoto waliiweka wapi. Wapiga kelele, lakini nyumba ya jirani iko ng'ambo ya bonde, na yeye hata akisikia hajui kama hiyo ni kelele ya wezi au ni ugomvi wa mtu na mkewe. Ajigeuza kitandani, alala tena. Asubuhi ng'ombe wawili wa maziwa hawapo, na deni la mmoja wao bado halijalipwa.

Mkulima huyo hakushindwa usiku. Alishindwa mchana, wakati jua likiwaka na yeye akiwa na nafasi ya kutengeneza kila kitu. Mwezi huu twataka kusema habari ya kulinda boma, na neno letu kubwa ni hili: boma hulindwa mchana, na kulindwa kwenyewe huanza kwa jirani.

UKUTA WA WAZEE NA UKUTA WETU

Katika Kaunti ya Migori kuna mahali paitwapo Thimlich Ohinga. Ni ngome ya mawe ambayo yafikiriwa ilijengwa katika karne ya 16, bila saruji wala udongo wa kushikanisha. Mawe yamepangwa tu moja juu ya jingine kwa ustadi mwingi. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 mpaka 4.5, na unene wa mita 1 mpaka 3. Malango yake ni mafupi na membamba, hata aingiaye hana budi kuinama, na mtu aliyeinama si rahisi ashambulie. Ndani ya ukuta huo watu walilala pamoja na mifugo yao. Waliokuja baadaye walizitengeneza kuta zilipobomoka. Mwaka 2018 UNESCO iliiandika ngome hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mtu akitazama mawe yale aweza kudhani kwamba nguvu yote ilikuwa katika mawe. Sivyo. Hakuna mtu mmoja awezaye kuinua ukuta kama ule, wala kuukesha peke yake. Kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, watu walikaa chini wakapatana.

Sasa tazama mashamba yetu ya skimu. Tangu mwaka 1962, ulipoanza mpango wa Ekari Milioni Moja, mashamba makubwa ya Wazungu yalinunuliwa, yakapimwa, yakagawiwa jamaa nyingi. Kila mtu alijenga nyumba juu ya ardhi yake mwenyewe. Jambo hilo lafaa sana kwa kilimo, maana mkulima yu karibu na ng'ombe wake na mimea yake. Lakini kwa ulinzi lina hasara. Nyumba zimetawanyika, na watu walikuja kutoka sehemu nyingi. Mahali pengine hata leo wajukuu wa wale wa kwanza husalimiana njiani tu, wala hawajui majina ya watoto wa jirani. Mwizi apenda sana mahali kama hapo.

Hatuwezi kuzungushia skimu nzima ukuta wa mawe. Ukuta wetu ni jirani. Lakini kabla ya kwenda kwa jirani, kila mtu na atengeneze kwake.

UA, MLANGO NA TAA

Ua wa michongoma ni ulinzi wa bei ndogo. Panda miche karibu karibu, kama futi moja kati ya mche na mche, upalilie na kuutia samadi. Huchukua miaka mitatu au zaidi kufungamana, kwa hiyo atakaye ua mzuri na apande mvua zijazo, asingoje mpaka aibiwe. Ukate mara kwa mara tangu ungali mdogo ili uwe mnene chini, maana ua wenye matundu chini ni njia ya mwizi. Wengine hupanda minyaa. Huo nao wafaa, lakini utomvu wake ni mbaya sana kwa macho. Waonye watoto wasiuvunje.

Usiuache ua uliotazamana na barabara au na nyumba ya jirani ukue mpaka uifiche nyumba yako. Wengi hufurahia ua mrefu wakidhani wamejikinga. Kumbe wamemkinga mwizi, maana akisha kuingia hakuna mpita njia atakayemwona. Upande huo ukate ufike kifuani, ili jirani aone mlango wako na wewe uone wake.

Mlango na uwe wa mbao ngumu, na bawaba zake zisiwe nje ambako mtu aweza kuzing'oa. Weka komeo mbili ndani, moja juu na moja chini. Fremu ikiwa imelegea ukutani, mlango mzuri haufai kitu. Madirisha yenye vyuma ni mazuri, lakini nyumba yote isiwe kama gereza: dirisha moja liwe na chuma kifunguliwacho kwa ndani, na kila mkubwa wa nyumba ajue ufunguo uko wapi. Moto nao ni adui, na huingia bila kubisha hodi.

Siku hizi taa ya sola si kitu cha matajiri. Moja ikiwekwa juu pembeni mwa nyumba, ielekee zizini, hufanya kazi ya mlinzi asiyelala. Pangusa vumbi kwenye kioo chake, maana sola chafu haijai. Tochi na simu ziwe mahali pamoja kila usiku, na simu ichajiwe kabla ya kulala.

Mbwa ni mlinzi mwema akitunzwa. Mlishe vizuri, asizoee kula kwa wageni, na kila mwaka achanjwe kuzuia kichaa cha mbwa. Mbwa anayerandaranda usiku kutafuta chakula hayupo nyumbani mwizi ajapo.

NG'OMBE NA FEDHA

Zizi liwe karibu na nyumba, na lango lake lielekee mlango wako, si barabara. Likiwa na mnyororo na kufuli, mwizi hana budi kukawia na kupiga kelele, na kukawia ndiko anakokuogopa.

Andika katika daftari alama za kila mnyama: rangi, mabaka, pembe, namba ya hereni ya sikioni. Mpige picha pande zote mbili kwa simu, na picha hizo umtumie mtoto wako au ndugu akuwekee. Ng'ombe apatikanapo mbali, mwenye kuthibitisha ndiye arudishiwaye. Na wewe unayenunua, usikubali mnyama wa bei rahisi aletwaye jioni bila cheti. Mifugo haihamishwi bila idhini ya ofisi ya mifugo, na anunuaye kitu cha wizi huku akijua huingia hatiani pamoja na mwizi.

Fedha za maziwa, za chai au za mahindi zisilale chini ya godoro. Ziache benki, katika chama cha ushirika au katika simu. Tena funga mdomo. Mara nyingi mwizi hakupiga ramli kujua una fedha. Alisikia wewe mwenyewe ukisema dukani, au kibarua wako alisikia ukihesabu.

SHAURI LA MAJIRANI

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kimoja hufuka moshi tu.

Tangu mwaka 2013 Serikali imehimiza mpango wa Nyumba Kumi, na Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya mwaka 2011 yatambua kazi ya raia na polisi kusaidiana. Lakini mpango haukai katika karatasi. Wakaa kwa watu wanaojuana. Kila asubuhi mwakutana penye kupokelea maziwa mkingoja lori. Hapo pafaa sana kuanzia. Waiteni wenye mashamba yanayopakana, waume kwa wake, pamoja na mzee wa mtaa, mpatane mambo haya:

Kwanza, ishara moja. Filimbi ni nzuri kuliko sauti, kwa sababu husikika mbali, na mtoto au bibi kizee aweza kuipiga. Mkipatana kwamba filimbi mara tatu ni wezi, hapatakuwa na mtu wa kusema alidhani ni ugomvi wa nyumbani. Asiipige mtu kwa mchezo.

Pili, nani ampigia nani simu. Kila nyumba iwe na namba za majirani wawili, ya Chifu au Naibu wake, na ya kituo cha polisi kilicho karibu. Namba za dharura ni 999 na 112. Ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa, maana mwenye kutetemeka hatafuti katika simu.

Tatu, jinsi ya kutoka. Anayesikia filimbi asitoke peke yake gizani. Awashe taa, naye apige filimbi yake, awangoje wenzake wawili watatu, kisha waende pamoja wakitajana majina kwa sauti. Mara nyingi mwizi akisikia filimbi nne na kuona taa nne, huacha kamba akakimbia.

Nne, jirani mwema ajaye usiku afanye nini. Hili ni kubwa. Yule unayemdhania mwizi langoni aweza kuwa jirani aliyekuja kuomba gari, mkewe ameshikwa na uchungu. Patana nao kwamba ajaye usiku asimame nje ya lango, ataje jina lake, angoje ajibiwe. Watu wasiopatana hivyo huweza kumwua mwenzao, na asubuhi hakuna wa kuurudisha uhai.

Tano, walio peke yao. Mjane, mzee, na mama ambaye mumewe yuko kazini mjini, wawe na jirani wa kuwaangalia. Mwizi huanza na nyumba dhaifu, na akifaulu hapo atarudi kwako.

USIKU WENYEWE

Usikiapo mtu nje, usifungue mlango kwenda kutazama. Weka jamaa yako katika chumba kimoja, piga filimbi, piga simu, washa taa ya nje. Nia yako ni aondoke, kwa hiyo mwachie njia ya kuondokea. Mwizi aliyezibiwa njia hugeuka chui.

Wakisha kuingia nao wana silaha, toa wanachotaka. Redio hununuliwa, ng'ombe hununuliwa. Usiwakazie macho, lakini sikiliza sauti, angalia viatu na nguo, na njia waliyoshika. Wakiondoka usifagie uwanja, wala usiruhusu watu kukanyaga nyayo. Hizo ndizo ushahidi wako. Toa habari kituoni mapema, hakikisha imeandikwa katika kitabu cha matukio, na uondoke na namba yake.

SHERIA YASEMAJE

Mtu ana haki ya kujilinda, yeye na jamaa yake na mali yake. Lakini nguvu atumiayo iwe ya lazima, na ipatane na hatari iliyopo. Kumpiga aliyekuinulia panga ni jambo moja. Kumkatakata anayekimbia, au aliyekwisha kufungwa kamba, ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili si kujilinda. Mkimwua, huo waweza kuwa mauaji mbele ya mahakama, na mtakaojibu ni ninyi, huku mashamba yakiota magugu. Bunduki isiyo na leseni ni hatia hata kama haijapigwa.

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai yampa raia ruhusa ya kumkamata mtu aliyemwona akitenda kosa kubwa kama wizi, na mwenye mali aweza kumkamata aonekanaye akiiharibu. Lakini yamlazimu amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Na Katiba ya mwaka 2010 yataka aliyekamatwa apelekwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, ila siku zisizo za mahakama. Basi mwizi aliyekamatwa na afungwe mikono, asipigwe, akabidhiwe polisi. Aliye hai aweza kuwataja wenzake, na kusema ng'ombe walipelekwa wapi. Maiti haisemi kitu.

KAZI YA JUMA HILI

Leo kabla jua halijatua, zunguka boma lako kama kwamba wewe ndiwe mwizi. Ungeingilia wapi? Ungejificha wapi? Palipo na tundu, ziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisha kesho asubuhi, ukisha kupima maziwa, usiondoke upesi. Mwendee jirani ambaye hamjazungumza tangu ugomvi ule wa mpaka, au wa mbuzi walioingia katika mahindi. Mpe mkono, mpe namba yako ya simu, umwulize yake.

Yaweza kuwa neno gumu kuliko kuchimba mashimo ya nguzo. Lakini saa nane ya usiku, filimbi yako itakapolia, ndiye atakayeisikia kwanza.